Mashine Iliyomtoa Baba Kazini

Kila mwaka, siku ya kumkumbuka baba yangu, shangazi husimama katikati ya watu, hufumba macho, hunyoosha mikono juu na kumwomba Mungu amsamehe mwizi. Hasemi ndugu yangu. Hasemi marehemu. Anasema mwizi, kwa sauti ile ile anayosalia Baba Yetu, na watu wanaitikia amina huku wakinitupia jicho mimi, mtoto wa mwizi, niliyewanunulia sukari ya chai wanayokunywa.

Sisi ni watu wa Pweto, kule Kongo, ncha ya kaskazini ya ziwa Mweru. Tulipokimbia vita tukavuka mpaka, tukapewa viwanja Mantapala, katika wilaya ya Nchelenge. Kwa kuwa Mungu ana mzaha wake, kiwanja cha shangazi kilianguka mlango wa tatu kutoka kwangu. Niliacha nyumba, mbuzi, baiskeli na makaburi ya wazee wangu. Lile neno mwizi halikubaki. Lilivuka nasi, halikuhitaji hata karatasi.

Habari yenyewe ni hii. Kabla sijazaliwa, baba alikuwa mfanyakazi katika klabu ya wazungu pale Pweto. Alianza kwa kufagia, na kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi, bwana wa klabu akamwachia kutunza mashine ya kamari. Ilikuwa sanduku la chuma lenye mkono mmoja pembeni. Unatia sarafu, unavuta mkono, magurudumu matatu yenye picha za matunda yanazunguka, kisha yanasimama moja moja. Matunda yakifanana, unakula. Yasipofanana, umeliwa. Matunda yenyewe hayakuwa yakiota popote kando ya ziwa letu, kwa hiyo watu walikuwa wanafilisika kwa vitu wasivyojua hata ladha yake.

Jumapili moja baba alikuwa peke yake akiisafisha. Kwa maelezo yake alitia sarafu moja ili aijaribu, akavuta mkono, na mashine ikatapika kila ilichokuwa nacho tumboni. Bwana wa klabu akaingia akamkuta baba amepiga magoti na kofia imejaa. Hakuuliza. Baba alitoka kazini saa ile ile, bila kofia. Njiani, kwa hasira, akautupa ziwani ufunguo wa mashine uliobaki mfukoni mwake. Nilipokuwa mtoto niliipenda sana hasira ile. Niliona ni hasira ya mtu msafi.

Baba alieleza kosa kwa ufundi, na mimi nililishika kama wengine walivyoshika katekisimu. Ndani ya mashine kuna vidole vitatu vya chuma. Gurudumu likisimama, kidole chake kinalipapasa. Kikikuta tundu, kinazama. Vyote vitatu vikizama, kimlango cha chini kinafunguka na pesa zinamwagika. Siku ile, alisema baba, springi inayoshikilia kidole cha tatu ilikatika, kidole kikazama chenyewe. "Springi ilikufa," alikuwa anasema, na alisema hivyo mpaka alipokufa yeye.

Mama alimwamini, kwa sababu ni yeye aliyempikia. Nami nilimwamini, kwa sababu nilikuwa na miguu yake na pua yake na sikutaka kuwa na kitu kingine. Shangazi hakumwamini. Ni dada yake wa pekee, na enzi zile alikuwa msichana mdogo akilelewa nyumbani kwa baba.

"Ile mashini ilikula makuta ya batu miaka yote," huwa anasema kwa Kiswahili chetu cha Pweto, ambamo watu ni batu, pesa ni makuta na ndiyo ni njo. "Haikurudisha hata ya muzungu mwenyewe. Alafu siku moja tu, njo ikamupenda ndugu yangu?"

Ni hoja nzuri. Ndiyo maana ilinikera.

Baada ya klabu, baba alitengeneza redio, baiskeli na majiko ya makaa, yale tunayoita mbabula. Ukitaka kujua kama kitu kimepita mikononi mwake, angalia waya. Fundi mwingine akifunga waya huuzungusha anavyotaka na kuacha ncha imesimama nje, ikingoja vidole vya mtu. Baba alizungusha mara tatu, zikilala bega kwa bega, kisha akairudisha ncha chini ya mzunguko wa kwanza na kuibonyeza kwa koleo. "Mutoto asijichome," alisema. Alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusoma saa. Mpini wa mbabula ya shangazi umefungwa kwa waya wa baba mpaka leo. Aliibeba kichwani tangu Pweto, akaacha magodoro. Anapikia juu ya kazi ya mwizi kila siku na hajawahi kulalamika kwamba maharagwe yana dhambi.

Sasa wasomaji wataelewa kwa nini mkulima wa mihogo kama mimi anakusanya mashine za kamari. Katika baa za Nchelenge na Kashikishi kuna vile visanduku vya taa nyekundu na kijani ambavyo watu wa hapa huviita bonanza. Vinapigwa mateke na walioliwa, vinamwagiwa bia na waliokula, na vikifa vinatupwa nyuma ya baa pamoja na chupa. Mimi huviokota. Ninavyo vinne chini ya paa langu. Navisafisha, naviunga nyaya, navifufua, na vinawaka vizuri kabisa bila kumla mtu, kwa maana nimeziba mahali pa kutilia sarafu. Mke wangu huwaambia wenzake kisimani kwamba waume wengine huleta nyumba ndogo, mume wake huleta masanduku, na kwamba bado hajaamua lipi ni afadhali.

Sababu niliyowaambia watu ni kwamba napenda tu. Lakini katika makazi ya wakimbizi kupenda tu ni jambo gumu kuandikisha. Alikuja kijana wa shirika la misaada na fomu yake ndefu. Kulikuwa na kilimo, ushonaji, ufugaji wa kuku, utengenezaji wa sabuni. Kupenda tu haikuwamo. Akafikiri sana, akaniandika fundi wa vifaa vya burudani, akaniuliza kazi yangu itawafaidi watu wangapi. Nikamjibu mmoja, naye amekwisha kufa. Akaandika mmoja. Alinipiga picha nikiwa nimeshika bisibisi, akaniomba nitabasamu kama mtu mwenye matumaini.

Mchungaji wetu naye alihubiri juu yangu Jumapili tatu mfululizo bila kunitaja, akitaja tu mtu mwenye masanduku manne. Siku ya Jumatatu baada ya hubiri la tatu alikuja kwangu kumchunguza adui. Alimchunguza adui kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana, na kila alipopata picha tatu sawa alisema "haleluya" kabla hajakumbuka alikuwa wapi.

Ukweli ni kwamba vile visanduku vya taa vilikuwa mazoezi. Nilikuwa naitafuta ile moja. Niliuliza kila mwenye baa na kila mchuuzi wa vyuma chakavu kutoka Mununga mpaka Nchelenge kama amewahi kuona sanduku la zamani lenye mkono. Wakanicheka kwa Kibemba, kisha wakanicheka kwa Kiswahili ili nisipitwe.

Niliipata Kashikishi, ikizuia mlango.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki ambaye friza lake lilikuwa limegoma. Nilipomaliza kulitengeneza nikataka kutoka ghalani, nikajikwaa. Kizuizi cha mlango kilikuwa sanduku la chuma lenye kutu, limejaa magamba ya samaki, na pembeni lina mkono. Mahali pa kushikia, ambapo panapaswa kuwa na kitufe cha chuma, palikuwa na kitufe cha mti mgumu, mweusi, kilichochongwa kwa mkono. Nikakaa chini pale pale kwenye maji ya samaki. Baba alikuwa amenisimulia mara elfu kwamba mlevi mmoja alikivunja kile kitufe, naye akachonga kingine kwa mti.

"Marehemu mume wangu alikinunua ng'ambo na vyuma vingine, klabu ya wazungu ya Pweto ilipofungwa," yule mama akaniambia. "Hakifunguki. Kinazuia mlango vizuri. Bushe, kwani unalia?"

Nikamwambia ni barafu ya friza. Akanitazama, akasema "Awe mwe!" kwa huruma, na hakunidai kitu zaidi ya kazi niliyokwisha kufanya na jiwe jipya la kuzuia mlango wake.

Niliifunga mashine kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nikaisukuma kwenda Mantapala nusu siku nzima. Mlinzi wa kwenye kizuizi aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba shahidi. Akaipapasa, akauliza kama shahidi ana kitambulisho.

Shangazi alikuja kuiona jioni ile. Aliizunguka mara mbili. Alikigusa kile kitufe cha mti kwa kidole kimoja, akakiondoa haraka.

"Njo yenyewe," akasema.

"Njo yenyewe, tantine. Na funguo ilitupwa mu maji, hakuna mutu aliifungua tangu ile siku. Nikiifungua na springi ikiwa imekatika, utasema nini ku maombi?"

Akafikiri. "Nitamuita ndugu yangu."

"Na mwizi?"

"Nitaitoa. Lakini utaifungua mbele ya batu, siku ya maombi yenyewe. Hapana kufungua mbele ya ile siku. Nakujua weye. Utakata springi kwa mikono yako, alafu utakuja kutulilia hapa."

Niliapa. Niliapa kwa hasira, kwa sababu alinishuku jambo ambalo, nikisema kweli, lilikuwa limekwisha kunipitia akilini njiani.

Basi kwa wiki nyingi nilifanya kazi ambayo hakuna fundi mwenye akili anayeifanya: nilitengeneza kitu kwa nje bila kujua ndani kuna nini. Nilikwangua kutu kwa msasa. Nilichokonoa magamba kwa mwiba. Nilipaka rangi ya kijani na nyekundu niliyokumbuka kutoka kwenye hadithi. Matunda yalikuwa yamefifia nyuma ya kioo, nami nilipangusa kioo kila asubuhi. Kitufe cha mti sikukigusa ila kwa mafuta ya mawese. Kisha nikachonga ufunguo kutoka kwenye kijiko, nikijaribu na kupiga tupa, kujaribu na kupiga tupa, mpaka siku moja nikasikia kufuli linasema ka. Nikaurudisha ufunguo nyuma mara ile ile. Mke wangu alinikuta nimekaa juu ya mikono yangu miwili.

"Uifungue," akasema. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Fundi mwenye akili hufungua kwanza, anaita batu nyuma," akasema, akaenda zake shambani. Angekuwa mwanaume angekuwa mchungaji, na tungekuwa na mchungaji mwenye maana.

Nilialika watu wengi kuliko miaka yote. Ndiyo kiburi. Mtu anayetaka kuaibika hukodi viti. Walikuja jirani zetu wa Pweto wote, wale ambao wamekuwa wakisema amina yao, alikuja mchungaji akiwa na Biblia kubwa kuliko ile ya kawaida, alikuja hata kijana wa shirika na simu yake tayari. Mashine niliiweka juu ya meza, nikaifunika kitenge cha mama. Nilitoa hotuba. Nilisema leo chuma kitasema, nacho chuma hakina undugu wala hakiogopi mtu. Nilieleza vidole vitatu. Nilieleza springi. Nilisema baba alikufa akiwa na neno moja tu mdomoni, na leo mtalisikia kutoka kwa shahidi. Baadhi ya wanawake walianza kulia, jambo lililonipendeza sana.

Shangazi alisimama karibu yangu, kichwa chake karibu kiguse bega langu, amevaa miwani yake yenye mguu mmoja. Alisema anataka kuona kwa macho yake. Wengine walikuwa mbele ya meza. Mgongo wa mashine, ambako mlango uko, ulitazama kwetu sisi wawili tu.

Nikazungusha kijiko. Kufuli likasema ka. Mlango ukalia, ukafunguka, ikatoka harufu ya mafuta ya zamani na vumbi. Niliingiza kichwa. Nikatafuta kidole cha kwanza, nikakipata. Cha pili, nikakipata. Cha tatu.

Springi ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima kuliko zile nyingine mbili, kwa sababu haikuwahi kufanya kazi. Kidole cha tatu kilikuwa kimevutwa chini na kufungwa ili kizame daima, gurudumu lisimame lisisimame kwenye tundu. Kilikuwa kimefungwa kwa waya. Waya ulizunguka mara tatu, bega kwa bega, na ncha ilikuwa imerudishwa chini ya mzunguko wa kwanza, ikabonyezwa kwa koleo.

Nilipapasa ncha ya ule waya kwa kidole; haikuchoma. Nakumbuka niliwaza kwamba hata wakati anaiba alifikiria nani atajichoma. Nakumbuka pia niliona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya baba. Ilikuwa ya ile hotuba. Na ule ufunguo ziwani, ambao niliipenda hasira yake miaka yote, ghafla niliuelewa kwa ufundi: bila ufunguo hakuna mlango, bila mlango hakuna waya.

Niligeuza uso. Macho ya shangazi yalikuwa kidogo tu kutoka kwenye yangu, nyuma ya miwani, na hayakuwa yakiniangalia mimi. Yalikuwa kwenye ule waya. Mwanamke ambaye amepikia juu ya waya kama ule maisha yake yote hahitaji kuelezwa.

"Aloro, namna gani?" mchungaji akauliza kutoka mbele. "Chuma kimesema?"

Nilifungua mdomo. Napenda kusema kwamba nilikuwa nataka kusema kweli, na sitajua kamwe, kwa sababu shangazi aliniwahi. Alinisukuma kwa kiuno, akaingiza mkono ndani ya mashine hadi kwenye kiwiko, akautoa ukiwa umefumbwa ngumi, akawageukia watu.

"Springi ilikufa," akasema.

Watu wakanyoosha shingo.

"Nimeona na macho yangu. Imekatika. Ndugu yangu alisema kweli, na miye nilimusingizia miaka yote mbele yenu. Mungu anisamehe miye."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kijana wa shirika akapiga picha. Mchungaji akasema kwamba hakuna lililofichwa ambalo halitafunuliwa, akahubiri juu ya hilo kwa muda mrefu, akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye ile ngumi. Shangazi hakuifumbua mpaka chai ilipoisha. Alishika kikombe kwa mkono wa kushoto.

Watu walipoondoka nilimfuata kwake. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula akiwasha makaa. Waya ulikuwa kwenye kiganja chake, na katika kuukwanyua ulikuwa umemchana ngozi, kwa hiyo safari hii mtu alijichoma.

"Tantine, umesema uongo mbele ya Mungu."

"Mungu aliona ule waya zamani, mbele yangu. Kwake haikuwa habari."

"Na miaka hii yote unamuita mwizi."

"Njo vile alikuwa." Akapuliza makaa. "Ile siku ya Mungu, Jumapili ile, njo siku ya kukamatwa. Haikuwa siku ya kwanza. Biatu nilivaa kuenda ku masomo, kwa masista, ulifikiri vilitoka wapi? Ku mushahara ya kufagia? Nilikuwa mutoto peke yake ku darasa mwenye biatu. Nilimuuliza. Akaniambia mashini inatupenda."

Nilitazama miguu yake, ambayo ilikuwa peku, imepasuka kisiginoni, miguu ya mwanamke mzee anayelima.

"Basi mbona leo umekana?"

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyesoma sana.

"Miye naweza kumuita mwizi. Nilivaa biatu yake, miye njo napashwa kumuombea. Hawa batu balivaa nini?"

Kisha akauzungusha ule waya kwenye mpini wa mbabula, karibu na ule wa zamani. Aliuzungusha vibaya, ncha ikabaki imesimama nje. Nikamnyang'anya. Nikazungusha mara tatu, nikarudisha ncha chini, nikabonyeza kwa meno kwa kuwa sikuwa na koleo.

Mashine iko kwangu, na sasa inafanya kazi sawasawa, vidole vyote vitatu. Majirani huvuta mkono bila sarafu, na hawajashinda hata mara moja. Wanasema baba alikuwa na bahati sana siku ile, pamoja na kwamba springi ilikufa.

Mwaka uliofuata, siku ya kumkumbuka baba, shangazi alisimama katikati ya watu, akafumba macho, akanyoosha mikono juu, akamwomba Mungu ampumzishe ndugu yake. Watu wakaitikia amina bila kunitupia jicho. Kisha akapita akigawa chai, akafika kwangu, akainama kunipa kikombe, na sikioni, polepole, ili nisikie mimi peke yangu, akasema, "Na umusamehe mwizi."

Nikaitikia amina.